Jua Kuzima Kwanza: Siku ya Kwanza ya Kontrola ya Guta la Umeme

Mhadhara kwa mafundi na madereva wa Handeni na Korogwe



Mlipokuwa mkiingia mlilipita guta pale chini ya mwembe. Nimewaona baadhi yenu mkilipiga teke gurudumu la mbele, kama tunavyofanya sote tukikutana na chombo cha mtu mwingine. Sijui kama mliona kwamba magurudumu ya nyuma hayagusi ardhi. Ekseli imepandishwa juu ya magogo mawili, na fremu imefungwa kamba ya katani kwenye shina la mwembe. Lilikuwa guta la petroli. Sasa lina mota ya umeme, betri ya volti 72, na kontrola ambayo tangu itoke kwenye boksi haijaonja umeme hata mara moja. Tutaiamsha leo. Kuiamsha kwenyewe hakuzidi nusu saa. Maneno ndiyo marefu, na hayo nimekuja nayo hapa ukumbini ili kule nje tuwe kimya.

Kwetu mtoto akizaliwa hatolewi nje siku hiyohiyo. Anangoja arobaini yake. Kontrola nayo ina arobaini yake, ingawa inaweza kwisha kwa asubuhi moja tu, na fundi anayeiruka huishia kukutwa na ile arobaini nyingine, ya mwizi.

Kwa wale mliokulia kwenye petroli, kontrola ni kisanduku cha bati kinachokaribia ukubwa wa mkate, kinakaa kati ya betri na mota. Ndani yake mna transista, ambazo ni swichi zisizo na kitu kinachosogea. Zinapitisha umeme na kuukata maelfu ya mara kwa sekunde moja. Ukikunja eksileta kidogo, zinapitisha kwa kitambo kifupi na kukata kwa kitambo kirefu; ukikunja hadi mwisho, zinapitisha karibu muda wote. Kabureta, distribyuta na sehemu ya kazi ya giaboksi, vyote vimo humo, na hakuna hata kimoja unachoweza kukifungua ukakipuliza kwa mdomo.

Msidhani mambo haya ni ya mbali. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV, gari dogo la umeme la watu wawili, mwaka 2011, na mwaka 2016 Waganda haohao wakatoa Kayoola, basi la umeme la abiria 35 lenye paneli za jua juu ya paa. Nairobi kuna kampuni iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, siku hizi inaitwa Roam, ambayo mwanzo wake ulikuwa kung'oa injini kwenye Land Cruiser za kupeleka watalii na kuweka mota. Kigali pikipiki za Ampersand hubadilishiwa betri kituoni kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi. Bajaji za umeme Dar es Salaam si kioja tena. Tofauti yetu na wao ni kwamba vyombo vyao vingi huamshwa ndani ya karakana yenye vifaa vyote, na vyetu vitaamshwa chini ya mwembe.

Nianze na aibu yangu, nisije nikaonekana nimezaliwa nikijua.

Miaka michache iliyopita, katika mji nisioutaja, mama mmoja muuza maji aliniletea guta lake nimfungie kontrola mpya. Ilikuwa saa sita mchana, madumu yake yalikuwa yanamngoja kisimani, na mimi sikutaka kuonekana fundi mzito. Nikafunga nyaya zote. Nilipogusisha ncha ya mwisho ya betri ililia paa! ikatoa cheche ya buluu, nikacheka, nikaendelea. Magurudumu yote matatu yalikuwa chini. Nikageuza funguo. Kimya.

Kwenye petroli, kimya maana yake injini haijawaka. Mazoea hayo yako kwenye mifupa yetu. Basi nikainama nikaanza kuchezea plagi ya eksileta, na guta likaruka. Likavuka ua, likapasua uzio wa mabanzi, likakumbatiana na mpapai, na bado magurudumu ya nyuma yalikuwa yanachimba. Nilipiga kelele za kuomba msaada, jambo lisilosaidia mota ya umeme. Kijana mmoja jasiri ndiye aliyechomoa plagi ya betri kwa mkono. Moto wa cheche ukambabua kiganja. Mpapai ulianguka siku ya pili, nikaulipa.

Eksileta ya kukunja ina nyaya tatu nyembamba: mmoja unapeleka volti 5, mmoja ni wa minus, na wa tatu unarudisha taarifa kwa kontrola. Ukiwa hujakunja, taarifa inasoma kama volti 0.8. Ukikunja hadi mwisho inasoma kama 4.2. Katika guta la yule mama, waya wa minus ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, kwa nje mzima kabisa. Minus ikikosekana, taarifa haishuki. Inapanda hadi karibu volti 5. Kontrola haina macho. Iliona mtu aliyekunja mkono hadi mwisho, ikatii. Zipo kontrola zilizofundishwa kukataa taarifa iliyovuka mpaka wake, na zipo ambazo hazikufundishwa, na boksi halikwambii uliyonayo ni ipi.

Waya hukatika, hilo halinisumbui. Linalonisumbua hadi leo ni kwamba niliwasha kitu bila kujua nitakizima vipi. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake.

Guta la umeme lina njia tatu za kulizima. Ya kwanza ni kuachia eksileta. Ya pili ni kuzima funguo. Ya tatu ni kukata waya mnene wa betri kwa swichi kuu. Njia mbili za kwanza ni ombi: unaiomba kontrola isimame, na kontrola ikiwa na akili timamu inasimama. Transista zikiungua, kontrola haina tena akili ya kuombwa. Transista ya aina hii mara nyingi huungua ikiwa imejifunga, yaani inabaki inapitisha. Kwenye mota za zamani za brashi, kama zile zinazong'olewa kwenye forklifti, maana yake betri nzima inaingia kwenye mota na chombo kinakwenda mwendo wake wa mwisho, funguo ukiwa umeishika mkononi. Mota za nyaya tatu nene, ambazo ndizo ziko kwenye maguta mengi ya sasa, zina tabia nyingine: transista moja ikijifunga mota haikimbii, inakuwa nzito, inakatakata, inajifunga breki yenyewe. Gurudumu likiwa hewani utaliona linagoma. Ukiwa barabarani na mzigo, utajikuta umekaa juu ya machungwa yako.

Kwa hiyo swichi kuu. Na hapa nina ugomvi na nyinyi. Nimeona maguta mawili yaliyofungwa breka ya nyumbani, ile nyeupe ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu imeandikwa ampea 63 na ni rahisi kupatikana. Umeme wa TANESCO unabadili mwelekeo. Kwa mizunguko 50 kwa sekunde, unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Breka ya nyumbani inapofunguka, cheche inayozaliwa ndani inakufa yenyewe umeme ukipita kwenye sifuri. Umeme wa betri hauna sifuri ya kupita. Cheche ikishazaliwa inaendelea kuwaka kama moto wa kuchomelea, inayeyusha plastiki, na breka uliyoizima inaendelea kupitisha. Tafuta swichi au breka iliyoandikwa DC na volti zake zikazidi za betri yako ikiwa imejaa. Fyuzi vivyo hivyo, na ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi.

Swichi hiyo ikae mahali ambapo mkono wa mtu aliyesimama pembeni unaifikia bila kuvuka gurudumu. Na siku ya kuamsha, kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Hashiki spana, hashiki tochi, hapigi picha.

Sasa bodi. Sisi tuliofundishwa na magari ya petroli tunajua kwamba bodi ni minus. Taa ikikosa waya wa minus, unaifungia kwenye bodi, inawaka, unalipwa. Kwenye guta la umeme, betri kubwa haitakiwi kugusana na fremu kokote, si plus wala minus. Kosa moja halitakudhuru, na ndiyo sababu watu hawaamini. Minus ikigusa fremu, guta linakwenda vizuri tu. Siku plus nayo itakapochunika mahali, au wewe utakapoishika ukiwa umeegemea fremu, mzunguko utakamilika, na wa kuukamilisha ni ama fremu au wewe.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za usalama wa vyombo vya umeme, namba 100 kwa magari na namba 136 kwa pikipiki na bajaji, zinahesabu umeme wa betri kuwa wa hatari ukizidi volti 60. Betri yetu tunaiita ya 72, lakini ile ya lithiamu yenye seli 20 mfululizo ikijaa inafika 84. Tumeshavuka. Kanuni hizohizo zinataka ukinzani kati ya betri na fremu usipungue omu 100 kwa kila volti. Kwa volti 84 ni omu 8,400, na hicho ni kima cha chini kabisa, chombo kikavu na kisafi kinasoma juu sana ya hapo. Kama huna kifaa cha kupimia hilo, mita yako ya kawaida itakupa fununu. Pima volti kati ya plus na fremu, kisha kati ya minus na fremu. Namba zishuke ziende karibu na sifuri. Ukisoma 84 upande mmoja, jua upande wa pili umegusa bodi.

Mara nyingi mkosaji ni taa. Kile kibadilishi cha bei nafuu kinachoshusha 72 kuwa 12 kimeunganisha minus zote mbili ndani yake. Ukifungia taa kwenye bodi kwa mazoea, umeingiza betri kubwa kwenye fremu kupitia mlango wa uani. Vuta nyaya mbili hadi kwenye taa. Ni mita tatu za waya.

Pete na bangili za chuma vitoke mkononi kabla ya yote. Spana iliyolala juu ya ncha mbili za betri inageuka nyekundu, na pete haina tofauti na spana ila kidole kilichomo ndani yake. Mke wako ataelewa. Asipoelewa mwonyeshe kidole kizima.

Nimefika kwenye ile cheche niliyoichekea, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo kontrola nyingi zinapofia siku yao ya kwanza, au zinapopata jeraha la kuziua mwezi wa pili.

Handeni tunakunywa maji ya bomba kuu la Handeni, HTM, yanayotoka Mto Pangani upande wa Korogwe. Aliyewahi kufanya kazi kwenye bomba refu anajua kwamba bomba tupu halifunguliwi valvu yote kwa mpigo. Maji yanakimbia ndani ya utupu, yanagonga mwisho, viungo vinapasuka. Unafungua robo, unasubiri hewa itoke, bomba linajaa, ndipo unafungua zote. Kontrola ina bomba tupu ndani yake. Mlangoni mwa betri kuna kapasita, vikopo vinavyotunza umeme kidogo ili transista zisikose. Zikiwa tupu, kwa kitambo kifupi sana zinaonekana kwa betri kama waya mtupu. Tuseme betri na nyaya zako vina ukinzani wa omu 0.02. Gawa volti 84 kwa hiyo: ampea 4,200. Haidumu hata sekunde, lakini inatosha kuchoma uso wa swichi, kutafuna ncha ya plagi, na kuzichosha kapasita zenyewe. Kontakta, ile swichi ya sumaku inayolia taka!, inaweza kuchomelewa na mkondo huo ikabaki imefunga, na siku unayoihitaji ifunguke haifunguki.

Dawa ni kujaza taratibu. Weka rezista ya omu 100 ipite pembeni ya swichi kuu, yenye kitufe chake. Bonyeza kitufe, hesabu moja hadi tatu, kisha funga swichi kuu. Kwa kapasita za maikrofaradi 2,000, sekunde moja inatosha zijae kwa zaidi ya asilimia 99, na mkondo wa mwanzo hauzidi ampea moja. Badala ya paa! unasikia swichi tu.

Hiyo ni ya kila siku. Siku ya kwanza nina kifaa kingine, na hiki nataka mkichukue hata kama mengine yote mtayasahau. Ni balbu sita za taa ya mbele ya gari, za volti 12, wati 55, zimefungwa mfululizo, moja baada ya nyingine kama shanga. Sita mara kumi na mbili, sabini na mbili. Zinakaa kwenye waya wa plus kati ya swichi na kontrola. Kwa jinsi zilivyo, hata kontrola ikiwa imeungua kabisa, haziwezi kuendelea kupitisha zaidi ya ampea tano hivi. Fundi mwenye mtambo wa kupunguza umeme mezani hazihitaji. Sisi tunazihitaji, na zinapatikana kwa wauza spea wa Segera hadi Mombo.

Uzuri wake ni kwamba zinazungumza. Funga swichi. Zikimulika mara moja kama radi ya mbali kisha zikazima, kapasita zimejaa na ndani hakuna shoti. Zikiwaka na kuendelea kuwaka, zima: ama kuna shoti, ama umegeuza plus na minus. Kugeuza plus na minus bila balbu ni kuaga kontrola. Ukiwa na balbu umepata aibu ndogo, unageuza nyaya, unaanza upya. Mimi zimeniokoa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na uhakika kabisa kwamba nyaya ziko sawa.

Ukizima, usiguse. Kapasita zinabaki na umeme. Maikrofaradi 2,000 kwa volti 84 ni jouli 7, kama kudondosha kilo ya sukari kwenye kidole cha mguu kutoka sentimita 70. Utaruka, bisibisi itapata kovu. Pima kwa mita kwenye ncha za kontrola hadi volti zishuke, au zimalize kwa kugusisha ile rezista. Kipimo hichohicho kinakupa habari nyingine: kama umezima swichi kuu na volti hazishuki kabisa, swichi hiyo haijafunguka.

Balbu zikishazima, gusa eksileta kidogo kabisa. Hapa ndipo nyaya tatu nene za mota na nyaya nyembamba za sensa zinapoonyesha kama zimepatana. Watengenezaji wengi wanatumia njano, kijani na buluu pande zote mbili, na fundi anafunga rangi kwa rangi akidhani kamaliza. Rangi ni za kiwanda kile, si sheria. Kuna namna 36 za kupanga nyaya hizo: tatu zinazungusha mota mbele vizuri, tatu nyuma vizuri, na 30 zilizobaki zinaifanya ingurume, itetemeke au igome. Mpangilio ukiwa sahihi gurudumu linazunguka laini na balbu zinabaki gizani au zinawaka kwa mbali. Ukiwa si sahihi mota inalia kama paka aliyekanyagwa, balbu zinang'aa, volti zinashuka na kontrola inajizima kwa kukosa nguvu. Bila balbu, ungekuwa unazipika transista. Zima, pima, badilisha nyaya mbili, rudia. Na usishangae gurudumu likienda kinyume. Ndiyo sababu liko hewani.

Ila mwenye mota ya forklifti, ile ya brashi ambayo koili zake zimefungwa mfululizo, asinielewe vibaya. Mota hiyo bila mzigo haina mwisho wa mwendo. Ukiiweka hewani ukaipa betri nzima, inapanda hadi nyaya zake zinatoka ndani. Ijaribu kwa betri moja ya volti 12, kwa muda mfupi, basi.

Baada ya gurudumu kuzunguka upande unaotakiwa, fanya kile ambacho kingeuokoa ule mpapai. Gurudumu likiwa hewani na balbu zikiwa mahali pake, chomoa waya wa eksileta wa plus. Mota isimame. Rudisha. Chomoa wa taarifa. Isimame. Rudisha. Chomoa wa minus, na mshika swichi awe tayari. Mota ikikimbia, kontrola hiyo si ya kwenda barabarani hadi uweke eksileta yenye swichi yake ya pili au ubadilishe kontrola. Jaribu na breki: ukishika breki huku umekunja mkono, kontrola ikate. Jaribu kuwasha funguo huku umeshakunja mkono. Kontrola nzuri inakataa kwenda hadi uachie.

Kisha zitoe balbu, na zianze namba. Kontrola nyingi za sasa unazipanga kwa programu ya simu, na ugonjwa wa mjini ni kunakili namba za rafiki. Siku ya kwanza weka mkondo wa betri ampea 10, zunguka uwanjani bila mzigo, rudi, shika kontrola, shika mota, shika viungo vya nyaya. Panda hadi 20, kisha zaidi, kila mara ukirudi kushika, kwa mgongo wa mkono. Mkumbuke kwamba mkondo wa betri na mkondo wa mota ni vitu viwili. Kwa mwendo mdogo kontrola inashusha volti na kuongeza ampea, kwa hiyo ukipanda kwenda Vugiri na mzigo, betri inaweza kutoa 30 na nyaya za mota zikabeba 100 na zaidi. Viungo vinaungua upande wa mota kwa sababu hiyo, na mwenye guta analaumu betri.

Ile breki ya mota inayorudisha umeme kwenye betri iwe sifuri siku zote za majaribio. Na baadaye pia ogopeni mteremko wa Lushoto. Mtu amelala Lushoto, amechaji usiku kucha, betri imejaa pomoni, asubuhi anashuka kwenda Mombo, kona baada ya kona, akitegemea mota imshike. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudi. Kile kisahani cha ulinzi ndani yake, BMS, kinajikata, na breki aliyokuwa akiitegemea inatoweka katikati ya kona, huku volti zikipanda ghafla ndani ya kontrola. Breki za kawaida lazima ziweze kulishika guta na mzigo wake peke yazo. Zirekebishe kabla hujagusa programu yoyote.

Kuna swali nililoletewa kwenye karatasi na mzee wetu mmoja, fundi wa siku nyingi, anasema: «Mwalimu, nikifanya yote hayo mteja ataondoka.» Mzee wangu, shikamoo. Pale Hale, wilayani Korogwe, kuna mitambo miwili ya maji yenye uwezo wa megawati 21, iliyoanza kazi mwaka 1964. Mitambo ya namna hiyo, popote ilipo, huamshwa kwa maji kidogo, mhimili ukizunguka polepole, watu wakisikiliza beringi na kushika joto, na haifungwi kwenye laini hadi kila mtu ameridhika. Taifa zima linangoja na bado hawakimbii. Mteja wa guta atangoja nusu saa. Iandike kwenye risiti kama kazi, na bei yake.

Na kijana mmoja anauliza kuhusu Nissan Leaf kuukuu kutoka Japani, kama anaweza kuchukua mota na kontrola yake akaiweka kwenye pikapu, na kuiamsha kwa balbu hizi. Kuichukua, watu wengi duniani wanafanya. Kwa balbu hizi, hapana. Betri ya Leaf ina hatua 96 za seli mfululizo; ikijaa ni kama volti 400. Nyaya zake ni za rangi ya machungwa, na rangi hiyo imewekwa kukwambia uondoe mkono. Kapasita ya maikrofaradi 1,000 tu kwa volti hizo ina jouli 80. Ile kilo ya sukari sasa inaanguka kutoka mita nane, juu ya mnazi. Hapo unahitaji glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, kifaa cha kupima ukinzani, na mtu aliyeshafanya kabla yako akiwa amesimama karibu. Njoo tuzungumze, usianze peke yako Jumamosi jioni.

Nimemaliza ya ukumbini. Tunatoka nje, tusimame nyuma ya ile kamba nyeupe, mtu asisimame mbele wala nyuma ya guta. Mita ninayo, balbu sita ziko juu ya meza, ndoo ya mchanga iko kwenye shina. Nahitaji mshika swichi. Wewe wa shati la kijani, uliyesinzia tangu niliposema maikrofaradi: njoo. Simu mpe mwenzako. Mkono wa kulia juu ya swichi, macho kwenye magurudumu. Nikisema zima, usiniulize kwa nini.